Hervanta, Tampere: jibu kwa aliyeuliza mdogo wake aishi wapi

Mkuu, umesema mdogo wako amepata uhandisi Tampere, Ufini, na watu wanamtisha kwamba Hervanta ni mbali, ni maghorofa tu, bora apange mjini. Mimi nimesomea huko na nimeishi Hervanta muda wote. Mwambie aende hukohuko.

Kampasi ya teknolojia iko palepale, anatembea kwa miguu. Mjini ni chini ya kilomita kumi, na tangu Agosti 2021 kuna tramu.

Maghorofa ni kweli, mtaa ulianza kujengwa miaka ya 1970. Lakini pale katikati kuna majengo ya matofali mekundu yaliyochorwa na Reima na Raili Pietilä, mtu na mkewe, haohao waliochora Mäntyniemi, makazi ya rais. Halafu kuna Mikontalo, hosteli ndefu ya wanafunzi: mwaka 2007 waliweka taa madirishani, wakacheza Tetris kwenye ukuta mzima wa jengo!

Wanaosema Hervanta haina kitu hawajafika Suolijärvi. Maghorofa yakiisha tu unaingia msituni, na mara uko ziwani. Kiangazi tulikuwa tunaogelea saa nne usiku na jua bado linawaka. Ikifika mwisho wa Julai, chini ya misonobari kumejaa mustikka, vitunda vya buluu iliyoiva hadi kukaribia weusi. Sheria ya kule inamruhusu yeyote kuchuma, hata mgeni, bila kumwomba mwenye msitu. Tulikuwa tunarudi na ndoo, vidole na meno vimegeuka zambarau, tunagandisha kwenye friza na kula na uji wakati wa baridi.

Desemba ni ngumu, sikufichi. Jua linachomoza karibu saa nne asubuhi, saa tisa alasiri limeshazama. Asijifungie chumbani. Hosteli nyingi zina sauna, anajiandikisha zamu na kwenda na wenzake. Mimi marafiki zangu wa Kifini niliwapata humo, maana wakiwa kwenye basi hawaongei.

Jumamosi apite soko la Tammelantori. Kama ni Muislamu, ajue ile soseji nyeusi, mustamakkara, imetengenezwa kwa damu. Kwenye mnara wa Pyynikki wanauza maandazi ya moto yenye sukari, hayo asiyakose.

Chumba aombe TOAS, taasisi ya nyumba za wanafunzi Tampere, mara tu akipata barua ya chuo, kwa sababu Agosti wanafunzi wanaingia wote kwa pamoja. Koti zito na buti asinunue Dar, maduka ya mtumba ya kule yana vitu imara zaidi vya baridi ile.