Akiba yako ipe jina

Dada, unauliza kwa nini pesa za kibanda chako cha soko la Kibuye, Kisumu, huyeyuka kila zikifika shilingi elfu kumi. Lengo lako la kuweka akiba, "uhuru wa kifedha", ni neno pana mno. Shemeji akipiga simu jioni, halikuzuii kumtumia pesa. Andika lengo lenye jina: karo ya kifungua mimba wako, 48,000, Januari hadi Desemba. Hiyo ni 4,000 kwa mwezi. Ukifungua siku 25, ni 160 kwa siku. Itenge jioni kabla hujagusa faida, bahasha ikae mbali na pesa za bidhaa, na Ijumaa uipeleke kwenye akaunti ya kufungia, ile isiyokuruhusu kutoa pesa kabla ya tarehe uliyoweka. Usiiweke kwenye amana za sacco (chama cha akiba na mikopo): hizo ni dhamana ya mkopo, kwa kawaida huzipati hadi ujiondoe uanachama, na karo haisubiri. Shemeji naye mtengee fungu lake dogo, tafadhali.