Nakabwa kila nikitoka shifti ya usiku

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina miaka 24, nafanya kazi kiwandani hapa Dar, wiki mchana wiki usiku. Wiki za usiku nikirudi asubuhi nikajilaza, nashtuka niko macho kabisa, naliona pazia, nasikia watoto wa mpangaji mwenzangu uani, ila mwili hauendi, sauti haitoki na kuna kitu kizito kimenikalia kifuani. Mama anasema wifi yangu ananiwangia, kwa mganga tumeshatoa 80,000 na bado. Ntakufa usingizini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hufi, na wifi yako mwacheni jamani, hana kosa. Hilo ni jinamizi.

Usingizi si kitu kimoja mpaka kunakucha. Unaanza mwepesi, unazama, halafu unakuja usingizi wa ndoto, ule ambao macho yanachezacheza chini ya kope, mzunguko mmoja kama dakika 90 hivi kisha unaanza tena (huo usingizi wa macho kuchezacheza, watafiti Aserinsky na Kleitman wa Chicago ndo waliueleza, mwaka 1953). Humo ubongo unailegeza misuli karibu yote usije ukarusha mateke kwa sababu ya ndoto, inabaki ya macho na ile ya kupumulia iliyo chini ya mapafu. Sasa wewe akili inaamka mapema, mwili bado umefungwa. Unataka kuvuta pumzi ndefu, kifua hakikutii, basi unahisi umekaliwa, na ndoto nayo haijaisha, inajichanganya na pazia lako la kweli mpaka unaona kivuli kimesimama pale.

Wazee wa Pemba na Unguja wanaikumbuka 1995, watu wanalala nje kwa makundi wakiogopa popobawa, lile jini linalosemwa huwavamia watu usiku, na wengi waliosema kawajia walisimulia hivihivi, kukandamizwa na kushindwa kupiga kelele. Hofu yao ilikuwa ya kweli kabisa, ila wapo walioshambuliwa kwa kushukiwa tu, ndo maana hilo neno la wifi limenitisha kuliko jinamizi lenyewe.

Kinachokuletea ni usingizi pungufu na hizo saa zinazobadilika kila wiki. Likikujia usipambane na mwili mzima, jaribu kidole kimoja tu cha mguu, kikicheza unafunguka, na hata usipofanya kitu linaisha lenyewe, mara nyingi ni sekunde au dakika chache. Lala kiubavu maana chali ndo linapenda, weka pazia zito jua lisiingie, chai ya rangi ya alfajiri iache, na ongea na msimamizi wako kama unaweza kukaa shifti moja hata mwezi mzima.

Ila kama mchana unasinzia ghafla hata ukiwa unaongea na watu, au ukicheka sana magoti yanalegea, hiyo nenda hospitali mwanangu, unaweza kuwa ugonjwa wa nakolepsi na una dawa zake. Na mama msomee hili jibu kabla hajaenda kumsema wifi.