Mavazi ya wazazi Unguja na Pemba: kwanza jiulize unakwenda wapi

Dada, assalaam alaykum. Umeuliza wazazi wa huku huvaa nini siku za kawaida, kwa kuwa mnahamia na watoto, mtaanzia mjini Unguja halafu Wete, kule Pemba. Umesikia kwamba Wapemba wana vazi lao, watu wa mjini lao na watu wa shamba, yaani vijijini, lao. Waliotangulia kukujibu wamekupa majina ya nguo, nayo ni sahihi, ila hayatakusaidia asubuhi ukiwa mlangoni na mtoto mkononi. Huku nguo hupangwa kwa umbali wa safari. Uani pana nguo yake, mtaani yake, mjini yake, na shughulini yake. Jamii hutofautiana katika pale zinapoweka mpaka kati ya uani na mtaani, na kati ya mtaani na mjini.

Uani tofauti karibu hakuna. Mama wa Mji Mkongwe, wa kisiwa cha Tumbatu, wa Konde kule Pemba, wote utawakuta ndani ya gauni jepesi la pamba au dira (dera), au kanga moja iliyofungwa kifuani, imefuliwa mara nyingi mpaka imelainika. Kanga ya pili hutundikwa karibu na mlango. Hodi ikipigwa, hutwaliwa na kutandwa kabla ya mlango kufunguliwa. Weka yako hapo tangu siku ya kwanza, kwani jirani hatakusubiri utafute mtandio chumbani.

Mambo hubadilika ukivuka kizingiti. Kusini na mashariki ya Unguja, Makunduchi, Jambiani, Paje, Bwejuu, kanga mbili juu ya gauni bado ni vazi kamili la mtaani: moja ya kujifunga kiunoni, moja ya kujitanda kichwani na mabegani. Mama huenda nalo dukani, bombani, kwa jirani, na kumchukua mtoto chuoni, yaani madrasa. Kule Makunduchi, Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya wa jadi, unapofika mwezi wa Julai, doti mpya ya kanga ndiyo fahari ya siku. Mjini, mitaa ya Ng'ambo, safari hiyohiyo ya dukani hufanywa kwa dira na mtandio, au ushungi ulioshonwa tayari, na baibui huchukuliwa mtu anapopanda gari. Pemba mpaka umesogezwa karibu zaidi na mlango. Wete na Chake Chake utaona baibui likivaliwa hata kwa safari fupi, na wanaofunika uso ni wengi kuliko mjini Unguja. Hakuna atakayekulazimisha kufunika uso, na wako wanawake wengi wa huko huko wasiofanya hivyo. Kichwa wazi ndicho kitakachoonekana haraka.

Kwa kuwa kanga ndiyo utakayoitumia kuliko nguo nyingine yoyote, inunue kwa akili. Huuzwa doti, yaani vipande viwili vimeshikana, kila kimoja karibu mita 1.5 kwa 1.1. Kina pindo pande zote nne, mji, yaani uwanja wa katikati, na jina, yaani maandishi ya msemo, chini ya mji. Fundi anayekaa nje ya duka hukukatia na kupinda ncha palepale. Usikubali aikate kwa kukisia. Lazima mkasi upite katikati ya pindo mbili zinazogusana, la sivyo kipande kimoja kitabaki na pindo nyembamba upande mmoja na doti nzima itakaa vibaya maisha yake yote. Shika kitambaa dhidi ya mwanga, kisha kisugue kati ya vidole. Kikitoa unga mwingi na kulegea, ulichokuwa unakisifu kwa uzito ni wanga. Ukitaka uhakika, chomoa uzi mmoja kwenye ncha uuchome. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu, nailoni na polista huyeyuka na kuganda kidonge kigumu. Cha kuyeyuka hakinywi jasho wala maji, hakifai kwa mtoto.

Mfuo wa kwanza uwe wa peke yake, maji baridi, ukiloweka muda mfupi tu, maana nyekundu na nyeusi huchuja. Kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe ya maharusi, ukiifua pamoja na kanzu ya mume umeipoteza kanzu. Anika kivulini, upande wa ndani nje. Jua la kaskazi linaweza kupausha mji wa njano ndani ya wiki chache.

Kufunga nako kuna mpango wake. Jina likae nyuma, upande wa chini, lisomeke bila kupinduka. Kanga ya juu nayo jina lipite mgongoni. Ikigeuzwa juu chini, watu wazima wataona kabla hujafika kona. Doti ikivaliwa pea, juu na chini sawa, hiyo ni nguo ya kutokea. Vipande visivyolingana ni vya nyumbani na kazini. Na soma jina kabla ya kulipa. Kanga yenye fumbo la ukewenza au la majirani wenye kusengenya, ukivaa kwenda kwa mtu, atadhani umemjibu jambo.

Baibui ni habari nyingine. Lile la zamani lililofungwa kwa kamba kichwani sasa utaliona kwa vikongwe wachache. Linalovaliwa ni la mikono, jeusi mara nyingi, na linapendeza likiwa limepimwa. Urefu ndio wanaoukosea wageni, kwa kuwa hupima wakiwa na viatu virefu dukani. Pima na malapa au makubadhi utakayotembelea, ukingo uishie sentimita 3 au 4 juu ya ardhi. Likiburuta, masika litanyonya matope ya vichochoroni, na vijijini ncha zitachanwa na mawe ya matumbawe. Kubwa zaidi ni pikipiki na vespa. Mama hukaa upande, baibui linaning'inia, upepo unalipeleka kwenye gurudumu au mnyororo. Kabla chombo hakijaondoka, likusanye lote, ulikalie, ncha uiweke chini ya paja. Mtandio nao uzungushe shingoni na ncha uziingize ndani ya baibui. Naomba sana usilipuuze hili, mtu hung'olewa kitini mara moja.

Mwenye mtoto anayenyonya achague baibui la kufunguka mbele kwa vifungo vya kubana, na ndani avae gauni la vifungo. La kuvaa kwa kichwani humlazimisha mama kulipandisha lote mbele za watu. Ushungi wake uwe wa kushona, usio na pini, kwani mkono wa mtoto huenda moja kwa moja kwenye pini. Na ukimbeba kwa mbeleko juu ya baibui, kanga huteleza kwenye kitambaa laini na fundo hushuka kidogokidogo bila wewe kujua. Funga mbeleko juu ya gauni la pamba, si juu ya baibui, au mpakate mikononi.

Kufukiza udi ni sehemu ya kuvaa huku, hasa kwa safari ya shughulini. Nguo ya pamba huvumilia chetezo kikiwa karibu. Baibui la polista cheche moja tu hulitoboa tundu lisiloshoneka. Subiri makaa yafunikwe na jivu, weka udi kipande kidogo, nguo iwe juu kiasi cha mkono mmoja, na usiondoke ukaiacha.

Wababa wana ramani yao. Siku za kazi mjini ni suruali na shati kama kwingineko. Jioni, baada ya magharibi, barazani ni msuli, ile shuka ya kujifunga kiunoni, na fulana au shati jepesi, na Ijumaa ni kanzu na kofia. Tofauti ipo katika msuli unafika wapi. Shamba, na Pemba zaidi, mzee huenda nao sokoni, shambani, msikitini, na shati na kofia juu, naye amevaa kwa heshima kamili. Mjini huishia mtaani kwake. Ofisini na kwenye kikao cha wazazi skuli, avae suruali ndefu au kanzu. Kaptula kwa baba mtu mzima, nje ya mpira na ufukweni, humshushia hadhi kila mahali, na mwezi wa Ramadhani ndiyo kabisa.

Msuli umeshonwa mduara. Huingiwa, ukavutwa upande mmoja ukabana, ziada ikakunjwa katikati ya tumbo, kisha ukingo wa juu ukaviringishwa kwa nje mara mbili au tatu. Mpya hufunguka kwa sababu ya wanga, ufuliwe kwanza. Anayeviringisha mara moja tu ndiye anayetembea ameushika.

Kanzu ya mtu wa kimo cha kawaida hula kama mita 3 hadi 3 na nusu za kitambaa cha upana wa mita 1.5. Urefu uishie juu ya kifundo cha mguu, na mwambie fundi aache pindo la ndani, kwani pamba hujikunja mfuoni. Kanzu nyeupe nyepesi huonyesha kilicho ndani, hivyo ndani pawe na fulana nyeupe na msuli mwepesi au suruali nyeupe. Boksa ya rangi huonekana msikiti mzima mtu akirukuu. Kola hugeuka njano kwa jasho, nayo husuguliwa kwa sabuni ya kipande kabla haijalowekwa, kisha bluu kidogo kwenye maji ya mwisho. Dawa kali ya kung'arisha inaweza kuibadilisha polista rangi.

Kofia ya viua, iliyotobolewa na kushonwa kwa mkono, ni kazi ya wiki nyingi, aghalabu ya mwanamke nyumbani, na ndiyo maana bei yake hushangaza wageni. Sindano huzunguka kila kitundu kwa uzi. Ukiitazama kwa ndani, ya mkono mishono yake haifanani sawasawa, ya mashine inafanana yote. Huoshwa kwa povu bila kukamuliwa, ikapakwa wanga mwepesi, ikavishwa juu ya bakuli la ukubwa wa kichwa mpaka ikauke. Ikikauka bila kiunzi haitarudi mduara.

Halafu kuna nguo za kazi, ambazo watu wa mjini husahau kwamba nazo ni nguo za wazazi. Akina mama wa mwani, Paje, Jambiani na pwani ya Micheweni kule Pemba, huingia baharini maji yakitoka na gauni refu, suruali ndani yake, soksi au viatu vya zamani kwa ajili ya miba ya baharini, na mtandio au kofia ya ukili kwa jua. Gauni likilowa huwa zito na kumvuta mtu nyuma, kwa hiyo hupandishwa na kufungwa kibwebwe kwa kanga iliyosokotwa kiunoni. Chumvi na jua huimaliza nguo haraka, usishangae kuona kanga zilizopauka. Nzuri zimebaki sandukuni. Pemba wakati wa karafuu, mchumaji huvaa suruali kuukuu na shati la kubana, kwani nguo pana hunasa kwenye matawi, na tawi la mkarafuu huvunjika upesi. Mama anayechambua, akitenga karafuu na makonyo usiku juu ya mkeka, ana kanga yake ya kazi hiyo tu, maana harufu haitoki kwa mfuo mmoja.

Mji Mkongwe utakutana na majirani wengine. Mama wa Kibohora, Waislamu wenye asili ya Kihindi, huvaa rida, vipande viwili, sketi ndefu na juu yake kifuniko cha kichwa kinachoteremka mpaka kiunoni, rangi za kuchangamka na lesi pembeni. Mumewe ana kofia nyeupe yenye uzi wa dhahabu. Wahindu wana sari na suti zao za suruali. Wazazi Wakristo wa Mkunazini na Minara Miwili, yaliko makanisa makubwa, huvaa kitenge na gauni kama Dar es Salaam, na wengi hubeba mtandio mkobani wakienda shamba. Kama nyinyi ni Wakristo, fanyeni hivyo hivyo, na hakuna atakayedhani mmebadili dini. Mikono ifike kiwiko, gauni lishuke chini ya goti, kitambaa kisiwe cha kuonyesha, basi.

Ukijaaliwa kujifungua huku, kwenye mkoba wa hospitali tia doti mbili au tatu zilizokwishafuliwa mara kadhaa. Kanga mpya hainyonyi na wanga wake humkwaruza mtoto. Bibi wa nyumbani atakuletea mkaja, kitambaa kirefu cha pamba cha kufunga tumbo. Kama umefanyiwa upasuaji, usikubali kufungwa mpaka daktari aruhusu, hata akisisitiza nani.

Kwa kuanzia, usijaze sanduku kabla hujafika. Pita madukani Mchangani na Darajani, mjini Unguja, ununue doti tatu, mbili za kutokea na moja ya kazi, baibui moja la kupimwa, shungi mbili za kushona, msuli mmoja na kanzu moja ya mume. Nguo za chuoni za watoto ngoja kwanza mwalimu akwambie rangi, kwani kila chuo kina sare yake, na Wete huenda isiwe ile ya mtaa wako wa Unguja.