Nani ana ufunguo wako wa akiba?

Mdogo wangu, marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya kwanza nikikaanga vitunguu, ya pili nimekaa chini na kalamu. Nimekuelewa hivi: una miaka 27, CPA ya uhasibu unayo, mke huna, mtoto huna (tunayemjua), ofisi ya Dar imekuchosha, na mbele yako kuna njia tatu. Kampuni moja ya Dubai imekuahidi dirhamu 9,000 kwa mwezi. Rafiki yako wa chuo yuko Toronto, anakuita. Na umesikia Ujerumani siku hizi inatoa kadi ya kuingia kutafuta kazi, kwa hiyo unataka kuuza kiwanja cha Kibaha uje huku Leipzig niliko. Ukauliza, "Dada, wewe umeishi Dubai na Ulaya, niambie ukweli, wapi pazuri?" Halafu ukaniomba nisimwambie mama yako, mama mdogo wangu.

Najibu kwa maandishi kwa sababu si wewe peke yako. Wameniuliza watoto wa shangazi, ameniuliza hadi dereva aliyenipeleka uwanja wa ndege likizo iliyopita. Ukimaliza kusoma wapelekee.

Nianze na kiwanja: usiuze. Hiyo kadi inaitwa Chancenkarte, ilianza Juni 2024, na ni kweli inakuruhusu kuingia bila kuwa na kazi ukae hadi mwaka mmoja ukitafuta. Lakini lazima uonyeshe hela ya kujikimu. Kwa mwaka 2025 ilikuwa euro 1,091 kila mwezi, yaani euro 13,092 kwa mwaka mzima, na wengi huziweka kwenye akaunti iliyofungwa, unachota mgao wa mwezi tu. Piga kwa shilingi, unaikaribia milioni 40. Ndicho kiwanja chote hicho, unakila kwa miezi kumi na miwili ukisubiri barua pepe za "tunasikitika kukujulisha". Kibarua unaruhusiwa, kisizidi saa 20 kwa wiki. Fundi wa programu anaweza kubahatika kwa Kiingereza chake. Wewe ni mhasibu. Vitabu vya Wajerumani vinafungwa kwa Kijerumani, kwa sheria za kodi za Kijerumani, na mteja anapiga simu kwa Kijerumani cha haraka haraka. Bila lugha ya kiwango cha B2, yaani cha kufanyia kazi, hawatakupa hata faili la kupanga.

Mimi niliingia kwa mlango mwingine. Kazi niliipata nikiwa Dar, mwaka 2021, nikaja na Kadi ya Bluu, kibali cha kazi cha wasomi. Hiyo inadai digrii inayotambulika huku na mshahara usiopungua kiwango kinachopandishwa kila mwaka. Mwaka 2025 kiwango kilikuwa euro 48,300 kwa mwaka, na kuna cha chini zaidi kwa fani zenye upungufu wa watu, kama hii yangu ya data, na kwa waliohitimu karibuni.

Sasa sikiliza habari ya mshahara, maana hapa ndipo ndugu zetu wengi wanapopofuka. Nilikuwa na ofa mbili: München euro 55,000 kwa mwaka, Leipzig 46,000. Nyumbani kila mtu alisema München. Lakini Ujerumani ukiwa peke yako unawekwa daraja la kwanza la kodi. Mwenzako mwenye mke asiye na kipato yuko daraja la tatu, mshahara uleule, anaondoka na fungu nono kuliko lako. Kuna bima ya afya, pensheni, bima ya kukosa kazi, bima ya uzee na utunzaji. Na kwenye hiyo ya mwisho, kama umefikisha miaka 23 na hujazaa, tangu Julai 2023 unakatwa asilimia 0.6 ya ziada. Ndiyo, hata kutozaa kunalipiwa. Rafiki yangu Mlutheri wa Moshi alipojiandikisha manispaa akajaza dini yake kwa moyo mkunjufu. Mwezi uliofuata kodi ya kanisa hiyo hapo kwenye karatasi ya mshahara, kwa jimbo letu la Sachsen ni asilimia 9 ya kodi yake ya mapato. Alidhani ameulizwa kwa heshima tu.

Baada ya makato yote, tofauti ya München na Leipzig ilibaki kama euro 350 mkononi. Kodi ya nyumba ikaimeza yote na kudai chenji: Leipzig nilipata vyumba viwili kwa 620 pamoja na joto, München kwa hela hiyo nilionyeshwa chumba kwenye nyumba ya watu wanne, foleni ya watazamaji imefika kwenye ngazi. Kwa hiyo ukiniuliza "nchi gani", mimi nakurudishia "mji gani". Mtu mwenye familia anaweza kugawana kodi, jiko na mafua. Wewe kila kitu utalipa zima.

Kuna jambo ambalo hutaliona kwenye kikokotoo chochote cha mshahara. Jumapili moja ya Januari, mwaka wangu wa kwanza, nilishuka kutupa taka. Nimevaa kanga juu ya suruali ya kulalia, na kandambili. Nje ni nyuzi nane chini ya sifuri. Milango ya huku kwa nje haina kitasa cha kuzungusha, ina kirungu tu kisichogeuka. Upepo ukiusukuma, umefunga. Ukasema ta! Simu ndani, funguo ndani, chungu cha maharage jikoni. Nikasimama pale kwenye ngazi nikiwaza ninamjua nani katika mji huu wa watu zaidi ya laki sita, na nani ninayekumbuka namba yake kwa kichwa. Jibu: mama, Tanga.

Nikagonga milango. Wa tatu akafungua bibi mmoja wa ghorofa ya chini, aliyekuwa hanisalimii. Akaniangalia miguu kabla ya uso. Akanipa soksi, akanipigia fundi wa vitasa. Fundi akaja na kipande cha plastiki, akakichomeka kati ya mlango na fremu, akavuta, mlango huo wazi. Dakika mbili hazikufika. Euro 289, kwa sababu ni Jumapili. Maharage yalikuwa mkaa.

Dubai nilikaa miaka mitatu na sikuwahi kuwa na ufunguo wa akiba kwa sababu sikuuhitaji. Tulikuwa wanne chumba kimoja mtaa wa Deira, Mtanzania mwenzangu mmoja, Mkenya, Mfilipino, na daima kulikuwa na mtu ndani, analala, anasali au anasuka. Nilichukia kukosa faragha. Lakini nilipougua, uji ulikuja kitandani bila kuuomba.

Na Dubai iko karibu. Hili niliandike polepole. Baba alipofariki, ilikuwa alfajiri ya Alhamisi. Unakumbuka, wewe ulikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Alizikwa saa kumi alasiri. Wakati huo mimi nilikuwa nimekaa uwanja wa ndege Frankfurt, nasubiri kuunganisha, natazama saa ya ukutani. Kutoka Dubai ni saa tano na nusu hivi hadi Dar. Huenda bado nisingewahi, lakini kungekuwa na cha kujaribu. Sisi Waislamu hatumsubirishi maiti kwa ajili ya tiketi. Mama mdogo ana sukari na presha. Hili litie kwenye hesabu zako mapema, kabla dirhamu hazijaanza kuongea.

Usidhani naipigia Dubai debe. Niliondoka kule nalia. Mwaka 2019 kampuni ilipunguza watu, viza ilikuwa imeshikwa na kazi, nikawa na siku 30 za kupanga maisha upya au kuondoka. Huku kazi ikikatika sifukuzwi kesho yake: nikiwa nimechangia bima angalau miezi 12, nalipwa asilimia 60 ya mshahara halisi nikitafuta nyingine. (Mwenye mtoto anapata 67. Unaona wanavyotupenda sisi wapweke.) Baada ya miezi 21 ya Kadi ya Bluu na Kijerumani cha B1, kile cha kati, nikapata ukaazi wa kudumu. Sasa bosi akinikasirikia, anakasirika na mfanyakazi tu, kibali changu hakimhusu. Uraia nao siku hizi ni baada ya miaka mitano na Ujerumani haikulazimishi kuacha wa kwanza, ila Tanzania haitaki uraia pacha, kwa hiyo sisi bado tunapigwa chenga na kwetu. Wakenya hilo walilimaliza kwenye katiba ya 2010.

Ukweli mwingine, na huu watu wa huku hawapendi kuusimulia nyumbani. Uchaguzi wa jimbo la Sachsen, Septemba 2024, chama cha mrengo mkali wa kulia cha AfD, kinachopinga wahamiaji, kilipata asilimia 30.6. Kesho yake nimepanda tramu najikuta nahesabu: mmoja, wawili, watatu. Leipzig yenyewe ni nafuu kuliko vijiji vinavyoizunguka, ina chuo kikuu kinachofundisha hadi Kiswahili, na mtaa wa Eisenbahnstraße utapata bamia na unga wa ugali. Lakini kiti cha jirani yangu kwenye tramu hubaki wazi hata watu wakiwa wamesimama. Nimezoea. Sijui kama kuzoea ni sifa.

Ndoa? Nina miaka 34, mama ameacha kuuliza, sasa anapumua tu kwenye simu. Wanaume wa huku hupanga miadi ya kahawa wiki tatu kabla. Na kwa nyumbani, asiye na mtoto ndiye benki: "wewe hela unapeleka wapi?" Ada ya fulani, bati la fulani. Jiwekee kiwango kabla hujapanda ndege, na ukitangaze.

Toronto sijaishi, nitasema kidogo. Mfumo wao wa alama wa kuchagua wahamiaji unakupenda sasa: asiye na mwenza kati ya miaka 20 na 29 anapata alama zote 110 za umri, ukigonga 30 zinaanza kushuka. Lakini CPA yako ya Tanzania hutaikalia kitini siku ya kwanza, kuna mitihani ya kwao. Muulize rafiki yako swali moja: amefanya kazi ya uhasibu baada ya muda gani? Asipojibu, amejibu.

Kwa hiyo, kwa wewe, kwa sasa, ningekwambia Dubai. Najua umeshangaa. Uhasibu unaoujua, wa viwango vya kimataifa, ndio wanaoutumia, tena kwa Kiingereza. VAT walianza 2018, kodi ya makampuni ya asilimia 9 ikaanza Juni 2023, na nchi ambayo haikuwa na kodi ghafla inatafuta watu wa kuijaza. Ila huo mkataba nitumie niusome. Dirhamu 9,000 ni jumla. Nataka kuona mshahara wa msingi ni ngapi. Kiinua mgongo kinahesabiwa kwa huo wa msingi, siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na bima yao ya kupoteza kazi vilevile, asilimia 60 ya msingi kwa miezi isiyozidi mitatu. Wakikuandikia msingi 3,000 na posho 6,000, rudisha wabadilishe. Wakikataa, tutaongea.

Chumba usipange peke yako mwaka wa kwanza. Kuna vijana wa Tanga pale Deira, mmoja nilisoma naye, nitakuunganisha. Jioni soma Kijerumani kama bado unakitaka. Ukifika B2 nitafute, kitanda cha sebuleni hapa kipo, na ufunguo wa akiba yuko nao yule bibi wa chini. Siku hizi hunisalimia.

Kuhusu mama mdogo, mimi sitamwambia. Utamwambia wewe, tena uende mwenyewe Tanga, usitume ujumbe wa sauti. Nenda na mashine ya kupimia sukari, ile yake betri imekufa tangu Idi.