Bi Mkubwa wa Jikoni Anajibu: Mpishi wetu hayataki majiko ya mfadhili

SWALI: Assalaam alaykum Bi Mkubwa. Nimo katika kamati ya chuo cha Qur'ani huku karibu na Konde, chenye dahalia ya wanafunzi 80. Tunapikia mafiga, masufuria mawili makubwa mchana na usiku, na ukifika msimu wa maulidi au ikitokea hitima tunaazima mengine. Zamani wazee wakituletea kuni bure kutoka mashambani. Siku hizi tunanunua kwa gari ya ng'ombe na bei haishikiki. Amejitokeza mfadhili anayetaka kutununulia majiko banifu ya bati, yale ambayo sufuria inazama ndani. Fundi wetu wa kijijini anasema tusipoteze pesa, atatujengea ya mawe na saruji. Mpishi wetu, mtu mzima mwenye shughuli zake nyingi, hataki hili wala lile. Anasema atakosa makaa ya kupalia pilau. Tumsikilize nani?
Mama wa Dahalia, Konde

JIBU: Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Anzeni na mpishi. Nimeshaona jiko la pesa nyingi limegeuzwa tundu la kuku kwa sababu kamati ilikaa, ikaamua, ikanunua, na aliyeshika mwiko hakuulizwa neno.

Na anachosema ni kweli. Mafiga yanakula magogo, na magogo huacha makaa tele. Maji ya pilau yakishakauka, anayakokota makaa yake, mengine anayaacha chini na mengine anayapanga juu ya mfuniko, pilau ikaiva taratibu mpaka juu. Jiko banifu linachoma vijiti vyembamba, na vinaungua mpaka vinakuwa jivu. Ukitafuta makaa ya kutandaza juu ya mfuniko mpana hivyo, huyapati. Dawa yake ni vifuu. Wakati pilau inachemka, awashe vifuu pembeni katika jiko la mkaa la kawaida, aviache mpaka moshi uishe na viwe vyekundu. Maji yakikauka avute kuni zote nje, afunike, apalie vifuu juu. Chini hahitaji kitu, kwa kuwa sufuria imezama na kuta za jiko bado zina moto ubavuni kote. Mwambieni ajaribu kwa sufuria moja kabla hamjanunua. Akiridhika yeye, wengine wote watafuata.

Sasa kwa nini mhangaike na hayo yote? Kwa sababu kwenye mafiga, katika kila sehemu 100 za moto wa kuni, zinazoingia kwenye sufuria ni kama 10 mpaka 15. Zilizobaki zinapasha upepo na miguu ya mpishi. Jiko la taasisi lililotengenezwa vizuri linaweza kukupunguzia nusu ya kuni, hata zaidi. Lakini hiyo nusu haimo kwenye bati wala kwenye rangi yake. Imo kwenye ule mwanya baina ya ubavu wa sufuria na ukuta wa jiko. Moto ukitoka chini unapanda kwa kupita hapo, unalamba sufuria pande zote. Mwanya uwe sentimita 1.5 mpaka 2. Ukiwa mpana kama wa kupitisha ngumi, moto unapita katikati na kwenda zake, mnarudi kule kule kwenye mafiga. Ukibana sana, jiko linakosa pumzi na moshi unarudi mlangoni.

Kwa hiyo, kabla mfadhili hajatoa hata shilingi, pimeni masufuria yenu kwa utepe wa fundi cherehani: mzunguko wa tumbo na kimo. Jiko litengenezwe kwa sufuria hiyo. Mkileta majiko yaliyokatwa kwa kipimo cha watu wengine, mtayalisha kuni kama zamani. Na mdomo wa sufuria ubaki juu ya jiko kiasi cha upana wa kiganja. Masufuria yetu ya shughuli hayana masikio, na watu wawili wakitaka kuitua lazima vitambaa vyao vipate pa kukamata. Hilo watengenezaji wengi hulisahau, sijui wao wanatuaje.

Fundi wenu simdharau, ila kwenye chumba cha moto mzuieni. Mawe yetu ni ya matumbawe. Huku kwetu mawe hayo ndiyo tunayoyachoma kwenye tanuu kupata chokaa, na ndani ya jiko linalowaka vizuri yataelekea huko huko: yatapasuka, yatamomonyoka, na vipande vitaangukia kwenye moto. Saruji nayo hupoteza nguvu kwenye moto mkali. Tena ukuta mnene wa mawe unafyonza moto mwingi kabla sufuria haijapata lake. Ndani panataka matofali mepesi: udongo wa kufinyanga uliochanganywa na pumba za mpunga au unga wa msumeno, ukachomwa. Pumba zinaungua, zinaacha vitundu, na vitundu hivyo ndivyo vinavyozuia joto lisikimbie. Wafinyanzi wa vyungu wanaujua udongo huo, wapelekeeni kazi. Fundi wa mawe ajenge msingi na gamba la nje.

Mkiweka dohani, na ningependa muweke kwa ajili ya macho na kifua cha huyo mzee, angalieni paa. Kama paa la jikoni kwenu ni la makuti, msilitoboe. Itoeni dohani kwa ukutani, mbali na makuti, ipande kwa nje mpaka ipite paa.

Kuni zipasuliwe nyembamba, zianikwe, ziwekwe bandani kabla masika hayajaingia. Kuni mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji, mnanunua maji kwa gari ya ng'ombe. Mikarafuu iliyokufa msiiparamie kwa kuwa tu imo kwenye shamba la msikiti. Kukata mkarafuu kuna sheria yake, na shamba la wakfu lina masharti yake.

Mkitaka uhakika, azimeni mizani ya karafuu. Pimeni kuni, pikeni pishi zile zile za mchele siku moja kwa mafiga na siku nyingine kwa jiko la kujaribia, kisha pimeni zilizobaki. Tofauti ikiwa ndogo, mrudishieni mwenye jiko lake. Na mfadhili akishatoa pesa za majiko, msizihamishie kwenye matofali ya wafinyanzi bila kumwuliza. Katoa sadaka kwa jambo maalumu.

SWALI: Bi Mkubwa, jiko langu la mkaa lenye udongo ndani limepasuka kabla ya mwaka. Jirani ananiambia ni vifuu. Kweli?
Msomaji, Jambiani

JIBU: Vifuu vina moto mkali lakini haviui jiko. Nakuuliza wewe: ukimaliza kupika, unayazima makaa kwa maji humo humo jikoni? Udongo uliokolea moto ukimwagiwa maji hupasuka. Yatoe makaa kwa koleo, yatie kwenye kopo la bati lenye mfuniko, yatazimika yenyewe na kesho utayatumia tena. Ufa mdogo uzibe kwa udongo uliochanganywa na jivu. Makumbi usiyatie humo ila ya kuwashia tu, yana moshi mno.