Maswali na majibu: kupiga msasa sakafu za mbao

Nimeng'oa mazulia nyumba nzima na kukuta mbao chini yake. Nitajuaje kama zinastahimili msasa?

Ng'oa kizingiti cha mlango uone ubao kwa ubavu. Angalia unene uliopo juu ya ulimi unaoshikana na ubao wa jirani: ukiwa chini ya milimita 3, mashine itaumaliza na kingo zitaanza kubanduka. Laminati haipigwi msasa kabisa, maana juu ni picha ya mbao tu. Ukikuta rangi ya zamani, ipime madini ya risasi kabla hujaigusa. Vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Nilianza na msasa namba 40, nikamalizia na 120. Baada ya vanishi imeonekana mikwaruzo, na karibu na kuta kuna mawimbi. Kosa liko wapi?

Uliruka hatua. Namba ikipanda, msasa huwa laini zaidi; kazi ya kila namba ni kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia, na 120 haina ubavu wa kufuta michirizi ya 40. Inalainisha kingo zake tu, kisha vanishi ikilowesha mbao yote yanajitokeza. Pita 40, 60, 80, halafu 100 au 120. Vuta vumbi kila unapobadilisha namba, kwa sababu punje moja ya 40 iliyobaki sakafuni itachora upya chini ya msasa laini. Usivuke 120 ukikusudia kutia rangi ya mbao: uso unakuwa mwororo mno, rangi haiingii.

Mawimbi hutokea pale ngoma (silinda ya mashine inayozungusha msasa) inapogusa sakafu huku mashine imesimama, ndiyo maana yako yamejaa ukutani unakogeuzia. Anza kutembea ndipo uishushe, na uinue kabla hujasimama. Fuata nyuzi za mbao; mkondo wa kwanza ukatwe mshazari pale tu mbao zilipopishana kimo. Mashine ndogo ya pembeni nayo ifuate namba zilezile. Vichwa vya misumari vizamishwe milimita 2 au 3 mapema, la sivyo vitakuchania msasa.

Kwa sakafu yako hakuna njia ya mkato: ondoa vanishi yote, rudi 60, kisha panda namba hatua kwa hatua. Kabla ya kupaka tena, zima taa na ulaze tochi sakafuni. Mwanga wa ubavuni haufichi kitu.

Nyufa kati ya mbao nizizibe na nini?

Nyembamba, changanya gundi ya kujazia na unga wa msasa wa 100. Unga wa mwanzo haufai, una vanishi kuukuu na utaacha mistari myeusi. Pana, chomeka vipande vyembamba vya mbao, ukitia gundi upande mmoja tu. Ukibandika pande zote mbili, mbao zikisinyaa msimu wa ukavu zitapasuka mahali pengine.

Vanishi ya maji au ya mafuta? Na kiasi gani?

Ya maji hukauka kwa saa chache na haibadilishi sana rangi ya mbao. Ya mafuta huipa wekundu wa asali, lakini ina harufu kali na kwa kawaida husubiri hadi kesho yake. Kwa nyumba inayokaliwa, tungechagua ya maji.

Lita 1 hupaka takriban mita 10 za mraba. Chumba cha mita 4 kwa 5, mikono mitatu (yaani kupaka mara tatu), ni kama lita 6. Koroga polepole, ukiitikisa itajaa mapovu. Kati ya mkono na mkono pitisha msasa wa 220 na ufute vumbi. Anzia ukuta wa mbali, umalizie mlangoni.

Unga wa mbao na matambara nitupe kwenye pipa la ndani?

Hapana. Matambara yenye mafuta ya kitani yakirundikwa hupata joto yenyewe na kuwaka, na unga wenye mabaki ya vanishi vilevile. Mwaga mfuko wa mashine nje kila unapopumzika. Matambara yatandaze nje yakauke, au yatie kwenye kopo la chuma lenye maji na kifuniko.