Kabla hujapeleka mswada kiwandani

Waandishi wengi wa huku Mtwara na Lindi wanaoamua kujichapishia vitabu huja na swali moja: kuchapa nakala elfu moja ni shilingi ngapi? Hilo linatakiwa kuwa swali la mwisho. Anayeanza nalo mara nyingi ameshakusanya michango, ameshawatangazia ndugu na jamaa tarehe ya uzinduzi, na mswada haujasomwa na mtu mwingine hata mmoja. Hasara nyingi ninazoziona katika kazi hii ya kuandaa vitabu zinatoka kwenye haraka hiyo.

Tafuta mhariri kwanza. Mwalimu wa Kiswahili aliye jirani atakusahihishia tahajia, na huo ni msaada mkubwa, lakini kuhariri kunakwenda mbali zaidi. Mhariri atakwambia kuwa sura ya tatu inarudia ya kwanza, au kuwa shangazi uliyemzika ukurasa wa 40 anapika chai ukurasa wa 90. Kama umeandika kuhusu kilimo, mpe pia mtu wa shambani. Kitabu cha korosho kikikosea kipimo cha salfa kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiriunga, mkulima wa Tandahimba atakifuata kilivyo, na msimu wake ndio utakaolipa.

Wanaokusanya ngano na vitendawili vya Wamakonde, Wamwera au Wayao nawaomba sana: mzee aliyekusimulia umuombe ruhusa, na jina lake na kijiji chake viingie kitabuni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inagusa pia sanaa za jadi, lakini hata bila sheria ni heshima yake. Picha nazo usizichote intaneti. Zina wenyewe, na nyingi ni ndogo mno kwa uchapaji. Uchapaji mzuri unataka nukta 300 kwa kila inchi, kwa hiyo picha yenye upana wa pikseli 600, ambayo kwenye simu inang'aa, karatasini inatosha inchi mbili tu. Ukiitanua ijaze jalada, itatoka na ukungu.

Sasa kurasa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo vitabu vya kujichapishia vinapojulikana kwa mbali. Programu nyingi za kupanga kurasa hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza. Utakuta "nyum-ba", "wanan-chi", "kus-hoto". Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwenye irabu, kwa hiyo inatakiwa "nyu-mba", "wana-nchi", "ku-shoto". Mwambie msanifu, yaani anayekupangia kurasa, azime ukataji huo au akate kwa mkono. Programu za kuandikia nazo mara nyingi huweka herufi kubwa zenyewe baada ya nukta, hivyo "n.k." ikiwa katikati ya sentensi, neno linalofuata linakuzwa bila sababu. Yaliyomo nayo yapangwe mwisho kabisa, kurasa zikishatulia. Na jalada lisikamilishwe kabla idadi ya kurasa haijajulikana, maana upana wa mgongo wa kitabu unategemea hiyo: kurasa 160 ni karatasi 80, na kwa karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba mgongo unakuwa kama milimita 8. Ukikisia, jina lililo mgongoni litahamia upande wa mbele.

ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Iombe mapema, na usinakili namba ya kitabu kingine.

Kisha dai prufu ya karatasi, nakala moja iliyochapwa na kubanwa kama itakavyouzwa. Isome kwa sauti, na rula chini ya mstari. Faili la kwenye simu halikuonyeshi kuwa maandishi yamemezwa na gundi katikati ya kitabu.

Hesabu ya bei ifanye kwa kalamu. Tuseme kiwanda kinatoza shilingi 4,000 kwa nakala, na mhariri na msanifu kwa pamoja umewalipa 600,000. Ukichapa nakala 300, hiyo ni 2,000 juu ya kila moja. Kitabu kimeshafika 6,000 kabla ya nauli. Ukikiuza 7,000 na mwenye duka akabaki na 2,000, wewe unapokea 5,000, yaani hata zikiisha zote, kila nakala imekutia hasara ya 1,000. Watu hujibu kwa kuchapa nyingi ili bei ishuke. Kweli uchapaji wa ofseti hushuka bei kwa wingi, kwa kuwa gharama ya pleti, yaani bamba za kuchapia, inagawanyika, ila ukichapa elfu na kuuza 300, nakala 700 zilizolala ndani hazijapunguza kitu. Anza na chache kwa uchapaji wa dijitali, usiohitaji pleti, uone nani ananunua. Usihesabie shule pia: vitabu vya shule hupitia tathmini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na ahadi ya mwalimu mkuu mmoja haitoshi kukufanya uchape elfu.

Ukichapia Dar es Salaam, tarehe ya uzinduzi itangaze maboksi yakiwa ndani ya nyumba. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara pale Somanga, wilayani Kilwa, mizigo ya kusini ilikwama siku kadhaa. Maboksi yakifika, yapange juu ya mbao, mbali na ukuta; unyevu wa pwani unakunja karatasi na kuleta ukungu. Ukiweza, vitabu viwe tayari kabla ya minada ya korosho ya Oktoba, hela inapoanza kuingia vijijini.

Steshenari nyingi za Masasi, Nachingwea au Ruangwa zitapokea kitabu chako kwa mali kauli. Kubali, lakini andikeni: tarehe, idadi, bei, gawio la duka, na siku utakayorudi kuhesabu. Wote wawili msaini, kila mmoja abaki na nakala. Achia vitabu vitano, siyo hamsini. Vikiisha, mwenye duka atakupigia mwenyewe, na hapo omba malipo ya vitano vya kwanza kabla hujapeleka vingine.